Ghala la Masista, Nyanungu

Mwezi uliopita nilipita Nyanungu kwa bodaboda, nikamwomba dereva asimame penye shamba la zamani la masista. Ghala lao limebaki kuta tu. Mabati yameng'olewa, matofali watu wanayachukua kidogo kidogo, na ndani magugu yanafika kiunoni. Dereva akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia niliwahi kuishi humu.

Nilikuwa nimefikia umri wa kukeketwa. Ilikuwa Desemba, msimu wenyewe, na nyimbo zilisikika kila boma. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyenilea, na wote walijua yeye ndiye atakayenipeleka. Asubuhi moja akanitwika debe la mtama kama tunaokwenda kusaga, tukakatiza mashamba ya watu mpaka kwa masista.

Sista msimamizi wa shamba alikuwa mama mnene kutoka mkoa wa mbali, miguuni mabuti ya mvua, sauti yake ikiita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Hakutuuliza mengi. Ghalani nilikuta wasichana wenzangu waliokimbia kukeketwa wakilala katikati ya magunia. Ee, ile harufu ya mahindi makavu! Tulikula ugali wa muhogo na maziwa mgando, tukapukuchua mahindi hadi vidole vikatoka malengelenge. Sista alisema hapa hakuna anayekula bure, naye akakaa chini kupukuchua pamoja nasi. Bibi alibaki nasi. Hakuwa amebatizwa, lakini nyimbo za kanisa aliziimba kwa nguvu, akitia maneno yake ya Kikurya pale aliposahau.

Kisha baba mkubwa akaja na wazee wa ukoo. Sista akawaamkia shikamoo kwa heshima zote, ila mlangoni hakusogea. Baba mkubwa akamwambia Bibi ameuaibisha ukoo. Bibi akainuka, akapangusa makapi kwenye kitenge.

"Dada yako nilimshika mwenyewe siku anakatwa," akamwambia mwanawe. "Damu haikukoma. Huyu simshiki, na hakuna atakayemshika."

Baba mkubwa akatazama chini. Siku ile ya dada yake alikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka. Wakaondoka. Tulikaa hadi shule zilipofunguliwa, msimu ukiwa umepita.

Bibi ameshafariki, na masista walihama zamani. Wasichana wa ghalani tumetawanyika. Mara mojamoja nakutana na mmoja wao mnadani au stendi ya Sirari. Habari zile hatuzigusi. Tunaulizana habari za watoto, na mikono tunachelewa kuachiana.