Chai Isiyopikwa

Kwetu Satellite, hapa Nairobi, chai hupikwa. Maji, maziwa, majani na sukari vinaingia sufuriani pamoja, vinachemka mpaka vinataka kumwagika, unapunguza moto, unavipandisha tena, na hapo ndipo mamangu husema imeiva. Chai isiyo na maziwa tunaiita strungi. Mgeni ukimpa strungi, atatoka kwako akiuliza majirani kama mambo yenu yako sawa.

Sasa mimi huyu, niliyelelewa hivyo, nikaenda nikaoa mwanamke wa watu wa Pwani, aliyekulia Ngara kwenye duka la viungo la shangazi yake. Siku tulipohamia nyumba yetu ya kupanga Mountain View, aliniletea kikombe cha kitu cha rangi ya manjano hafifu. Nikakitazama. Nikamuuliza kama ni dawa au ni maji aliyosuuzia sufuria.

"Ni chai ya kijani," akasema. "Onja kwanza, maneno baadaye."

Nikaonja. Tangawizi niliitambua, lakini kulikuwa na harufu nyingine, kama ya ndimu, na ndimu yenyewe haikuwemo. Ulikuwa mchaichai. Sikukubali kwamba ni tamu, mimi si mtu wa kukubali haraka. Nilisema haina sukari, haina maziwa, haina maana. Akacheka, akasema inasafisha mwili, na mwili wangu ulivyojaa mandazi unahitaji kusafishwa. Basi ikawa kila jioni akitoka kazini hospitalini, kabla hata ya kuvua sare yake ya uuguzi, anatengeneza. Tunaketi kwenye roshani tukitazama magari yaliyokwama Waiyaki Way. Mimi nalalamika, na kikombe kinaisha.

Mchaichai aliupanda mwenyewe pale roshani, ndani ya ndoo kuukuu ya rangi. Mamangu alipotutembelea aliuzunguka, akaugusa, akashika kiuno.

"Hee! Nyasi mmepanda. Sasa ng'ombe mtaweka wapi?"

Kisha mke wangu akapata kazi ng'ambo. Kazi ya mkataba, hospitalini. Siku ya kuondoka, mizigo ikiwa mlangoni, alirudi roshani akamwagilia ile ndoo. "Mkataba ukiisha narudi," akaniambia. "Nikute huu mchaichai uko hai, na wewe pia."

Kwa muda sikuigusa ile chai. Halafu jioni moja nikaingia ndani, nyumba kimya, hakuna harufu yoyote. Nilitaka ile harufu tu. Nikakata mchaichai, nikaponda tangawizi, nikatia majani ya kijani, maji, maziwa na sukari, kila kitu pamoja, nikawasha moto. Nikapandisha, nikashusha, nikapandisha tena, kama mtoto wa mamangu. Mwishoni nikakamua ndimu ili iwe na afya zaidi. Lo! Maziwa yakakatika vipande vipande. Nikampigia simu ya video nikamwonyesha sufuria.

Alicheka mpaka akaketi sakafuni.

"Nani kakwambia chai hii inapikwa?" akauliza, akifuta machozi. "Chemsha mchaichai na tangawizi peke yake. Zima moto. Maji yakitulia, ndipo utie majani. Kisha funika, uondoke."

"Niende wapi?"

"Popote. Usichungulie, usikoroge. Iache tu, itakuwa chai yenyewe."

Tangu hapo, kila Jumapili jioni akipiga simu, hata salamu haiji kwanza. "Umefunika?" Nami nasema nimefunika, ndipo tunaongea mpaka chai iwe tayari. Huko aliko naye ana kikombe chake, ila hana mchaichai. Ananiambia ninuse kwa niaba yake. Nanusa kwa kelele, ili asikie.

Nilimmisi vibaya, sitaficha. Majani ya kijani yanauzwa kwenye supamaketi hapa karibu, lakini mimi nilikuwa nafunga safari mpaka Ngara kwa shangazi yake, kwa sababu shangazi huyo akisema "Karibu, mkwe wangu, wakaa vipi?" sauti ni ileile. Nilikuwa nauliza habari za iliki na mdalasini nisivyovihitaji, ili aendelee kuzungumza.

Mamangu naye hakunionea huruma. "Unakunywa strungi ya nyasi, bibi hayuko. Watu watasema umeachwa. Kwani anarudi lini?"

"Mkataba ukiisha, mum."

Na mkataba ukakaribia kuisha. Nikanunua ndoo kubwa, nikauhamisha mchaichai, ukanikata vidole kwa makali yake, na mimi napiga mluzi tu. Jumapili hiyo nilikuwa jikoni, tangawizi iko motoni, na majani ya kijani nimeyashika mkononi, simu ikalia. Hakuuliza kama nimefunika.

"Wamenichagua kusomea uuguzi wa chumba cha upasuaji," akasema. "Nikikubali, sirudi sasa. Ukiniambia nirudi, narudi. Na sitakulaumu."

Nilijua alivyoitaka kazi hiyo. Kwenye ile roshani ndiyo ilikuwa hadithi yake, jinsi anavyopenda kukaa pale watu wanaposhonwa na kupona. Nilijua pia nilivyomtaka yeye. Nilitaka kusema rudi. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, fupi tu. Nikaona nimeyatupa majani sufuriani, na moto bado unawaka.

"Soma," nikasema.

"Sema ukweli, wewe bwana."

"Ukweli ni kwamba nimekumisi mpaka nimekuwa mtu wa kunywa nyasi. Lakini soma. Mchaichai upo."

Nikamsikia akivuta kamasi. Nyuma yangu maji yalikuwa yanapanda, majani yanazunguka, povu la kijani linamwagikia jiko. Sikugeuka kuzima.

"Umefunika?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Nimefunika."

Tulipoagana nikaimimina. Ilikuwa nyeusi, chungu kama shubiri. Nikainywa yote nikiwa nimesimama, kisha nikachukua maji nikatoka kumwagilia ile ndoo kubwa.