Siku Nilipomfanya Afungue Buloni

Kwa miaka mitatu nilimchukia mtu mmoja hapa Likasi, na sitadanganya kwamba chuki hiyo ilininyima usingizi. Nililala vizuri. Niliamka, nikanywa chai, nikakumbuka sura yake, nikaenda kazini nikiwa na nguvu.

Alikuwa mwenye garaje kubwa kando ya barabara ya kwenda Kambove. Sisi wafanyakazi tulimwita patron. Nilimfanyia kazi miaka sita upande wa magurudumu: kuvua matairi, kuziba, kusawazisha, kukaza. Nilikuwa mwanamke peke yangu pale, na mwanzoni madereva wa malori walikuwa wanakuja kuniangalia tu. Baadaye walinizoea. Kazi hiyo sikuipata shuleni. Nilifundishwa na Papa, baba yangu mzazi, ambaye alikuwa fundi wa karakana ya mgodi mpaka alipostaafu. Papa hakuamini kitu chochote kilichokazwa kwa haraka. Alikuwa na spana ya kipimo, ile ndefu inayotoa mlio mdogo unapofikia nguvu unayoitaka, na siku nilipoajiriwa alinipa. Akasema mkono unachoka na unasahau, lakini spana ile haisahau.

Basi siku moja akaja mteja mmoja, mfanyabiashara anayeuza vipuri vya malori ya migodi. Alikuwa na gari jeupe la Kijerumani, la milango miwili, gari la mbio kabisa, na alikuwa ameagiza janti nne za kaboni, yaani rimu, kutoka Ulaya. Kabla ya hapo nilikuwa nimeziona kwenye simu tu. Zilipotolewa kwenye makaratasi yake nilibeba moja kwa mkono mmoja, nikacheka peke yangu. Ilikuwa nyepesi kama sahani ya plastiki, nyeusi, na nyuzi zake zilionekana chini ya rangi kama mkeka uliosukwa.

Ndani ya boksi kulikuwa na kijitabu cha Kifaransa. Nilikisoma wakati wa chakula cha mchana. Kilisema mambo matatu ambayo niliyarudia mbele ya patron. Kwanza, usitumie mashine ya upepo kukaza. Pili, usitumie buloni za zamani, yaani zile bolti za janti za chuma, kwa sababu kichwa chake ni cha pembe na janti ile inataka kichwa cha duara. Tatu, kitovu cha gari kisafishwe mpaka kusiwe na chembe ya kutu, ili janti ilale sawasawa. Buloni mpya zilikuwa hazijafika. Nilimwambia tungoje. Akanijibu kwamba mteja wake hawezi kungojeshwa na kijitabu.

Siku iliyofuata alinituma Kambove kushughulikia tairi la lori. Nilikaa huko kutwa. Niliporudi gari jeupe lilikuwa limekwenda, na wenzangu hawakutaka kuniangalia usoni. Nikajua patron amezifunga mwenyewe, kwa mashine, na buloni za zamani.

Baada ya siku tatu gari lililetwa juu ya lori. Janti ya mbele kushoto ilikuwa imepasuka kuzunguka buloni. Mteja hakuumia, kwa sababu alikuwa anatoka pole pole kituo cha mafuta. Alisimama katikati ya uwanja wa garaje, wateja wengine wakasogea, naye akauliza ni nani aliyefanya kazi ile.

Patron akaninyooshea kidole. Akasema, "Huyu njo alikaza. Minye sikuwako."

Nikasema, "Patron, minye nilikuwa Kambove."

Akamwambia mteja kwamba hayo ndiyo matokeo ya kumhurumia mwanamke na kumpa kazi ya wanaume. Wengine wakacheka. Wenzangu wanne walioujua ukweli waliangalia chini. Nilifukuzwa hapo hapo, nikiwa bado nimevaa ovaroli yake. Akaniambia niivue, nami nikaivua mbele yao, nikabaki na fulana na kitambaa kiunoni.

Hata hilo ningelimeza. Lakini yeye na Papa walikuwa wanasali parokia moja. Jumapili, baada ya misa, alimwendea Papa kwa heshima zote, akamshika mkono, akampa pole kwa sababu ya binti yake. Akasema angeweza kunishtaki lakini anamheshimu mzee. Papa alirudi nyumbani, akaketi, akaniita.

"Ulikaza na mashine?"

"Si minye, Papa. Sikugusa ile gari."

Kisha akaomba spana yake. Nikaenda kuileta. Akaifunga ndani ya sanduku lake la vyombo na hakuniambia neno lingine kuhusu jambo lile. Miezi minane baadaye alifariki. Mpaka leo sijui kama aliniamini. Mama anasema aliniamini. Mama angesema hivyo hata kama si kweli.

Baada ya mazishi nilifungua kwado yangu Kikula, karibu na soko. Kwado ni mahali pa kuziba matairi, na yangu ilikuwa mabati manne, kompresa moja na benchi. Umeme ukikatika nilijaza upepo kwa pampu ya mguu. Niliziba matairi ya pikipiki na ya teksi, na mchana kutwa nilikuwa nafikiria namna ya kumwangusha yule mtu. Kumchomea garaje lake niliona ni upumbavu. Kumsema sokoni nako hakungesaidia, kwa sababu yeye alikuwa amenisema kwanza, na neno la kwanza ndilo watu walilolishika. Nilitaka ushahidi unaoshikika mkononi.

Siku moja nilivaa kitenge kizuri, nikaenda ofisini kwa yule mfanyabiashara. Alishangaa kuniona. Nilimwomba janti yake iliyopasuka. Akaniuliza kama sikuona haya. Nikamwambia haya ninayo, ndiyo maana nimekuja. Alifikiri kidogo, akamwambia mlinzi anitolee ile takataka stoo.

Niliikata kwa msumeno wa chuma, kwa siku mbili. Kwenye tundu za buloni, kaboni imeshikilia vikombe vidogo vya chuma ambamo kichwa cha buloni kinakaa. Kila kikombe kilikuwa na alama nyembamba ya pete, imeng'atwa. Buloni ya kichwa cha duara ingeacha alama pana. Hii ilikuwa ya pembe, nayo ilikuwa imesukumwa kwa mashine mpaka kikombe kikahama mahali pake. Na nyuma ya janti, pale inapogusana na gari, kulikuwa na kutu imejibandika kama uji uliokauka. Hakuna mtu aliyesafisha kitu.

Nilimrudia mfanyabiashara na vile vipande ndani ya kikapu. Nikampa pia jina la dereva wa lori la Kambove, amuulize nilikuwa wapi siku ile. Hakuniomba msamaha. Alipiga simu mbele yangu, akasikiliza, akaikata. Kisha akasema, "Nimeagiza zingine. Utakuja kuzifunga weye."

Nilizifunga nyumbani kwake, juu ya sakafu yake safi, na nilifurahia kila hatua. Tairi nilizivalisha kwa vijiti vya plastiki badala ya vyuma. Vipande vya kusawazisha nilivibandika kwa gundi upande wa ndani, maana vile vya kubana vinauma ukingo. Nilisugua vitovu kwa brashi ya waya, nikavifuta kwa kitambaa mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Sikupaka mafuta popote. Nilitia janti kwa mkono, nikaizungusha pole pole kuona kama inakwepa kibano cha breki. Buloni mpya nilizianza kwa vidole, zote tano, halafu nikakaza kwa kuvuka, hii na ile inayoikabili, nusu ya nguvu kwanza. Nikashusha gari mpaka tairi likagusa chini, nikamaliza kwa spana ya kipimo niliyojinunulia. Ilipotoa mlio wa mwisho, nilitamani yule mtu awepo.

Nafasi ilikuja mwaka uliofuata, mwezi wa tisa. Wenye magari ya mbio wa Likasi na wengine kutoka Lubumbashi walikubaliana kukutana Jumamosi kwenye uwanja wa zamani wa ndege nje ya mji, wapime magari yao, mmoja mmoja, kwenda na kurudi mara mbili. Mfanyabiashara aliniomba niwepo nikague magurudumu yake. Nilikuta watu wengi, akina mama wanauza vinywaji, na katikati yao patron wangu wa zamani akiegemea gari jekundu. Alikuwa amelinunua ili kuvuta wateja. Nalo lilikuwa na janti za kaboni.

Alinitazama kama mtu anayetazama ukuta. Fundi wake alikuwa anamaliza gurudumu la nyuma kwa mashine ya kukaza ya betri. Nilisogea, nikatazama vichwa vya buloni. Vilikuwa vyeusi, vya zamani. Nilivitambua kama mtu anavyotambua mwandiko.

Na hapa ni lazima niseme nilichofanya. Sikusema kitu. Nilisimama na chupa ya maji mkononi, nikamwangalia akivaa kofia ya chuma, nikamwangalia akiondoka. Gari lilikwenda mpaka mwisho wa lami, likageuka, likarudi kwa kasi kubwa. Moyo wangu ulipiga, lakini haikuwa huruma. Niliomba lisimame vibaya.

Lilirudi salama. Watu wakapiga makofi. Niliinama kando ya gurudumu la mbele kana kwamba nafunga kiatu, nikaona unga mweusi umetoka kuzunguka buloni tatu. Kaboni ilikuwa inajisaga. Safari ya pili gurudumu lisingemaliza.

Wengi wameniambia kwamba niliyemwokoa ni mtu aliyenidhulumu, na kwamba hilo ni jambo la Kikristo. Wanakosea. Nilipokuwa nimeinama pale nilimwona Papa akienda kumtazama hospitalini, maana kama angekuwa hai angekwenda, na mama akimpikia. Niliona parokia nzima ikimwombea. Mtu aliyelazwa anahurumiwa, na mimi sikutaka ahurumiwe. Nilitaka awe mzima, amesimama, na watu wanamtazama.

Kwa hiyo nilitoka, nikasimama mbele ya gari lake. Nikasema, "Zima motere, patron."

Alipiga honi. Sikusogea. Akatoa kichwa dirishani, akawauliza watu ni nani amemleta huyu mwanamke wa kuziba pikipiki. Nilimwambia kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Toa buloni moja tu. Kama minadanganya, kesho nafunga kwado yangu."

Alikataa. Ndipo yule mfanyabiashara akaja akasimama kando yangu, akamwambia afanye nilivyosema. Mbele ya mtu yule hakuweza kukataa. Fundi wake alitaka kuifungua, lakini nikasema hapana, aifungue mwenyewe. Alipiga magoti kwenye lami na suruali yake nyeupe. Buloni ilitoka na unga, na kikombe chake cha chuma kikacheza ndani ya tundu kama jino bovu. Ufa ulikuwa umeshafika nusu ya kidole.

Nilichukua buloni mkononi mwake. Nikamuuliza, "Ile siku ya gari nyeupe, nani alikaza?"

Alisema kitu kwa sauti ya chini.

"Batu habasikie," nikamwambia.

"Minye," akasema. "Minye njo nilikaza."

Nilimwambia kwamba hiyo haitoshi, kwamba Jumapili atakuja nyumbani kwa mama yangu kuyasema yale yale. Alikuja. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku ile: nilikuwa nimewaita shangazi zangu na majirani, nimepanga viti. Aliyasema akiwa amesimama, kofia mkononi. Nami nilikuwa nangoja mama alie au amfukuze. Mama akamwambia asante kwa kuja, akamletea maji, akamuuliza habari ya watoto wake. Jambo likaisha hapo. Nilimkasirikia mama wiki nzima. Alikuwa amenichukulia kitu changu akakigawa bila kuniuliza.

Wateja wa magari makubwa walianza kumkimbia yule mtu, wakaja Kikula. Sasa nina jengo la matofali na mafundi wawili, mmoja wao ni yule aliyekuwa anatumia mashine ya betri siku ile. Hajambo, anajifunza.

Mwezi uliopita gari jekundu lilisimama mlangoni kwangu. Patron alikuwa ameagiza janti nyingine, safari hii na buloni zake. Hakuna mwingine mjini wa kuzifunga. Nilizifunga kama ninavyozifunga za kila mtu, bila kuruka hatua hata moja, kwa sababu kazi yenyewe haikunikosea kitu. Nikamwambia aende kilomita mia, arudi nihakikishe hazijalegea.

Alirudi kesho yake, saa mbili asubuhi, wa kwanza kabisa. Nilimwonyesha benchi la nje, penye jua, nikamwomba angoje kidogo. Nikaziba pikipiki ya kwanza, nikaziba ya pili, nikajaza upepo kwenye baiskeli ya muuza mkaa. Saa saba mchana nilitoka na spana yangu. Kazi yenyewe ilichukua dakika kumi.