Brashi Iliyobaki Mfukoni

Nakumbuka sauti moja mpaka leo, mwanangu: kiatu changu kikiburuzika kwenye tope, shwaaa, halafu kimya. Wala si kimya cha kawaida. Kilikuwa kimya cha watu wengi waliokatazwa kupiga vigelegele.

Usishangae nikikuita mwanangu. Najua tumepishana miaka michache tu, na kuruka kamba ni mimi niliyekufundisha. Lakini kwa ukoo mimi ni dada wa baba yako, na shangazi ni shangazi hata kama bado anacheka ovyo kanisani. Tena juzi nimesikia umepewa brashi, kwamba Jumamosi utasimama nyuma ya mdakaji kama mwamuzi wa sofboli. Nilifurahi hadi nikasahau kahawa juani, mvua ikainyeshea, na mama kanisema mpaka usiku. Sasa tulia nikueleze jambo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nikiona brashi nashtuka vilevile.

Nilikuwa kidato cha nne hapa Rugu, mwaka wa mwisho. Tulikuwa tunacheza na wasichana wa Kaisho, na timu itakayoshinda ndiyo ingekwenda Bukoba kuziwakilisha wilaya zetu mbili. Wengine walitaka kombe. Mimi, nikuambie kweli, nilitaka kuliona ziwa. Nilikuwa sijaliona. Nilikuwa nikilala naliota, ila katika ndoto lilikuwa linafanana na lambo la ng'ombe, kubwa kidogo. Na mwalimu wetu wa michezo alishaniambia kwamba Bukoba huwa wanakuja watu wa vyuo kutazama vipaji, na kwamba mbio zangu zingenisaidia kuliko hesabu zangu. Kwa hesabu zangu, hata mbuzi angenisaidia. Basi mbio ndizo nilizokuwa nazo.

Siku ya mchezo tukaamkia msiba. Nyumba ya Ma Anastazia unaijua, ile iliyo juu ya uwanja, migomba yake inashuka karibu hadi kwenye nyasi za shule. Kitinda mimba wake alikuwa amefariki, na maziko yalipangwa kesho yake. Mwalimu mkuu alipanda mwenyewe kwenda kuomba radhi na kusema mchezo tutauahirisha. Ila fuso la Kaisho lilikuwa limekwishafika, watoto wamelowa mvua ya njiani. Ma Anastazia akamjibu, "Waache wacheze. Marehemu mwenyewe alikuwa mtu wa mipira. Ila wanipunguzie kelele."

Ndivyo tulivyocheza kwa kunong'ona. Ukipiga mpira vizuri, wenzako wanapunga kanga. Juu kule tunasikia kilio kikipanda na kushuka, na mawingu yamekaa mlimani hayataki kuondoka.

Mwamuzi alikuwa Mwalimu Devota wa Kiruruma. Alichaguliwa kwa sababu si wa Rugu wala si wa Kaisho, pasiwe na manung'uniko. Mama mpole, kalelewa na bibi yake huko Muleba, na mila anazijua kuliko watu wa umri wake. Siku nyingine zote nilipenda kumtazama akisafisha homu. Unaijua homu, kile kibamba cheupe cha mpira kilicholazwa chini, mahali anaposimama mpigaji na mkimbiaji anapomalizia. Mwalimu Devota alikuwa anasimamisha mchezo kwanza, anazunguka mbele, anampa mgongo mrushaji, anawaelekea watu waliokaa nyuma, anachuchumaa. Halafu anapitisha brashi pole pole mpaka kwenye kona, kama mtu anayemfuta mtoto uso asubuhi.

Siku ile brashi ilibaki kwenye mfuko wake wa kiunoni.

Udongo wetu ukinyeshewa unavyokuwa huhitaji kuambiwa. Kila mpigaji aliyekanyaga pale aliacha tope lake. Jeni, mdakaji wa Kaisho, ndiye aliyeanza kusema.

"Mwalimu, samahani. Homu siioni."

"Endeleeni."

"Ungeifuta kidogo tu, Mwalimu."

Mwalimu Devota akainama karibu yake. "Kuna maiti hapo juu haijazikwa. Unataka nishike ufagio mbele ya msiba? Kwenu hamkufundishwa?"

Si unajua, nyumba yenye maiti haifagiliwi. Hakuna mtoto wa huku asiyejua. Nani angebishana na marehemu? Jeni, kwa utundu wake, akanigeukia mimi niliyekuwa zamu ya kupiga, akaninong'oneza, "Basi wewe wa Rugu kalete mbegu, tupande maharage hapa." Nikacheka kimoyomoyo. Alipojaribu kuparua tope kwa ncha ya kiatu, Mwalimu akamtikisia kichwa. Naye akaacha. Lile tope sote tuliliona, tukalipita kila mmoja kwa zamu yake.

Zamu yetu ya mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Mimi nimesimama beizi ya tatu, kituo cha mwisho kabla ya homu. Nikifika homu tunasawazisha, na nikiguswa na mpira kabla sijafika, safari ya Bukoba ni ya Kaisho. Mwenzangu akaupiga mpira ukaenda mbali, kanga zikapaa, nikakimbia. Mwanangu, sijawahi kukimbia hivyo tena. Nikamwona Jeni anaupokea mpira, nikajitupa chini, mguu mbele. Shwaaa. Glovu yake ikanigusa goti.

Kimya.

Mwalimu Devota akatazama chini. Akasogea, akatazama tena. Hapakuwa na cheupe hata kidogo. Palikuwa na tope limechimbuka, na mguu wangu ndani yake. Kisha akainua ngumi, akasema kwa sauti ya mtu anayetaja jina la marehemu, "Auti."

Watu walidhani nitabisha. Ningebisha nini? Hata mimi sikujua. Niliingiza vidole kwenye tope nikaitafuta homu, nikaikuta kona yake, lakini kama kisigino changu kilipita juu yake au kando, siwezi kukuambia leo na sitaweza kukuambia siku ya kufa. Jeni aliniinua. "Mimi nilikugusa," akasema. "Ila kama ulishafika kabla sijakugusa, Mungu ndiye anajua." Naye alikuwa analia, mshindi yule.

Jioni, kama ilivyo desturi, timu zote mbili tulipanda kutoa pole. Tukavua viatu mlangoni, tukakaa kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni. Wageni walikuwa wengi kuliko nyasi, wengine tukakaa penye udongo mtupu. Ma Anastazia alikuwa ameegemea ukuta, kanga imemfunika mabega. Alipokea shikamoo zetu mmoja mmoja. Kisha akauliza, na sijui alipata wapi nguvu ya kuuliza, "Haya, nani kashinda?"

"Kaisho, Ma," Mwalimu Devota akajibu. "Lakini tuliuheshimu msiba wako, waitu, mama yetu. Hatukupiga kelele. Hata homu sikufagia."

"Hukufagia nini?"

Mwalimu akamweleza ile homu ni kitu gani na husafishwaje. Ma Anastazia alisikiliza, huku akinitazama mimi.

"Na huyu binti wa Rugu macho yamemvimba. Analilia mwanangu?"

Jeni akasema, "Alikimbilia homu, Ma, ikawa haionekani."

Yule mama alipozungumza hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma.

"Mwalimu. Mwiko ni wa nyumba hii. Mwenye maiti ni mimi, na maiti yuko humu. Asubuhi nilisema watoto wacheze. Ulipoona shaka, mlima huu ulikushinda kupanda? Ungetuma hata mtoto aniulize. Ningekwambia fagia."

"Nisamehe, Ma. Niliogopa kukukosea."

"Hukunikosea mimi. Umechukua heshima yangu, ukamtwika mtoto wa mwenzio kichwani, halafu umekuja nikushukuru. Nina kilio kimoja, mwanangu. Umeniletea cha pili."

Mwalimu Devota aliinamisha kichwa mpaka paji likakaribia nyasi. Tulipotoka alinishika mkono. Sikumchukia, nataka ulijue hilo. Alikuwa mtu mwema aliyefanya ubaya kwa wema wake, na watu wa namna hiyo ni wengi, hata mimi naweza kuwa mmoja wao. Maji yakimwagika hayazoleki. Kaisho wakaenda Bukoba. Mimi nikamaliza shule, matokeo yakaja kama nilivyoyatarajia, na ziwa bado linafanana na lambo.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Homu ni macho ya mwamuzi. Ikifunikwa, wewe ni kipofu uliyepewa filimbi. Usingoje mdakaji aseme, na mpigaji anayekuogopa atathubutuje kusema? Mpira ukishatulia, simamisha mchezo, zunguka mbele, wape mgongo wachezaji na watu uso wako, chuchumaa ufagie hadi kona zote. Usitumie kiatu. Siku ya mvua beba tambara na kijiti cha kuparulia, maana tope letu na brashi havielewani. Zamu zinapobadilishana tembelea na beizi nyingine, na pale anaposimama mrushaji, hata kama umechoka, hata kama timu inayokimbia si ya kwenu. Kufagia ni kazi yako kama kuhukumu ilivyo kazi yako. Ukiiacha ya kwanza, ya pili utaifanya kwa kubahatisha, na kubahatisha kwako kutabebwa na mtoto mwingine maisha yake yote.

Na kama kuna msiba, au jambo lolote la kuheshimiwa, na moyo wako una shaka, nenda kamuulize mwenye jambo. Kuuliza si ujinga. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, unauona mwepesi kwa sababu hauko kichwani kwako. Kwa hiyo ukitaka kutoa heshima, itoe kwa mgongo wako, si kwa mgongo wa mwingine.

Mungu akupe goti jepesi la kuinama na jicho linaloona hata palipofunikwa. Akupe na watu wa kukukemea ukiwa bado unaweza kusikia. Jumamosi usirudi nyumbani na machozi ya mtu mkononi.

Siku ile, tulipoteremka kutoka kwa Ma Anastazia, wenzangu walipita njia ya barabarani. Mimi nilikata kona nyumbani, nikachukua mundu, nikaenda peke yangu kwenye kilima kilicho nyuma ya shule kabla giza halijashika. Nikakata nyasi za kutandikia wageni wa msiba mpaka tita likanitosha, nikalifunga kwa kamba ya mgomba, nikalipandisha hadi kwake. Nililiweka mlangoni, nikashuka kabla mtu hajatoka kuuliza ni nani.