Siku Niliyoangua Kilio kwa Namba za Atupele

Mkitaka kucheka subirini nimalize, maana mpaka leo nikienda sokoni napita nyuma ya nyumba za watu hapa Mbugani, bibi mzima najificha kama mwizi wa kuku.

Chanzo ni Subilaga. Ni jirani yangu, tumeolewa mtaa mmoja, na tangu mjukuu wake apate unesi hakuna anayepumua. Ukimsalimia "Ugonile", anakujibu kwa habari za wodini. Kanisani wanamwita Bibi Nesi na wanampisha benchi la mbele (ni langu benchi lile, nililikalia kabla magoti yake hayajajua kuuma). Nikimuona pale, kifua kinaniwaka kama nimejipaka pilipili.

Basi Atupele, mjukuu wangu wa kike, akaja likizo na kompyuta yake. Anatengeneza programu. Alinieleza vizuri, simsingizii: kuna watu duniani wanaweka fedha na kukopeshana kwenye intaneti bila benki wala meneja, kila sehemu na masharti yake, yeye anaziita itifaki, mimi naziita vibubu, na programu yake inakwenda kuchungulia kibubu unachotaka na kukuletea takwimu, kina kiasi gani, kimepanda au kimeshuka. "Ni kama mtu anayetoka mnadani kutuambia bei ya kakao, bibi. Kakao yenyewe si yake." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, wala sikusikia kitu, macho yangu yako kwenye zile sifuri zilizojipanga kama siafu, nami nalifikiria benchi.

Nikafanya kosa moja dogo tu: nikamwita Subilaga aje kunywa chai.

Akaja na kitenge kipya (kutoka kwa nani kama si kwa nesi?). Nikamwambia Atupele, "Washa, bibi yako mwingine aone." Akaandika jina la kibubu kimoja, namba zikamiminika. Nikasema taratibu, kama mtu asiyependa kujisifu, "Ndizo shughuli zetu hizo, jirani. Sisi hatuvai sare." Atupele akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Subilaga alikodoa macho, kikombe kimesimama hewani, na Mungu anisamehe, sijawahi kunywa chai tamu kama ile.

Mara namba zikageuka nyekundu, na ule mstari uliokuwa unapanda ukaporomoka kama mtu aliyeteleza kwenye jaruba la mpunga.

"Kuna nini?"

"Zimeshuka, bibi. Watu wanatoa fedha zao kwa wingi."

Wanatoa! Mbele ya Subilaga! Nikajishika kichwa, nikatoka uani nikaangua kilio, kile cha msiba hasa, kinachoanzia tumboni. Na kwetu kilio mtu haanzi kukiulizia kwa simu, ukikisikia unaacha unachofanya unakuja. Wanawake wakaja mbio, huyu na kuni, huyu na mchele, huyu na mkungu wa ndizi kichwani, wanalia tangu njiani, wengine wanalia vizuri kunishinda mwenye msiba. Wanaume wakafuata na majembe. Mzee Ambakisye, asiyekosa kwenye kaburi la mtu, akanisogelea na sepetu begani, kwa upole kabisa: "Pole, bibi. Tuchimbe upande gani?"

Kilio kikakatika papo hapo.

"Kwani nani amekufa?" akauliza mama mmoja.

Atupele akatazama chini. "Hajafa mtu, shikamooni. Ni namba zimeshuka. Na hizo fedha wala si zetu."

"Za nani?"

"Za watu. Siwajui."

"Yaani nimeacha maharage motoni kwa ajili ya fedha za watu wasiojulikana!" Mwingine akadakia, "Siku bibi huyu akifa kweli, tutatuma mtu achungulie kwanza." Benchi ni benchi, lakini kulia msibani kwako watu wasije, hilo naliogopa kuliko kufa kwenyewe. Na walishaanza kubeba kuni zao.

Subilaga akasimama mlangoni na kikombe changu mkononi. "Gwe mama, weka kuni hizo chini! Mwenzenu alidhani mjukuu wake anafilisika, ninyi mngenyamaza? Mchele umeshafika, injikeni maji tule."

Wakacheka, wakainjika. Mzee Ambakisye akachimba shimo la maganda ya ndizi ili sepetu lisirudi bure. Tukala mpaka tukashiba, na kila kona ya ua nasikia, "Subilaga ana moyo, jamani, Subilaga ana moyo!" Kwangu! Kwenye sufuria zangu! Aliniokoa mbele ya mtaa mzima, nami hata ile huruma yake niliionea wivu.

Nimeapa, sitaangua kilio tena kabla sijauliza kilichopotea ni cha nani. Na Subilaga akitaka kunihurumia tena, anihurumie akiwa kwake.