Uso wa Bibi kwa Masizi na Unga

Wajukuu zangu wananunua rangi za uso dukani, zimo kwenye vikopo vidogo vya kupendeza, na wakimaliza kujipaka wote wanafanana. Nikiwaambia hivyo wananijibu kwamba mimi ni mtu wa zamani, sijui mambo. Najua. Nilianza kupaka watu nyuso nikiwa na miaka kumi, uani kwetu Kariakoo, enzi za Mwingereza, kabla ya vita vya pili, na karibu kila nilichotumia kilitoka jikoni.

Aliyenifundisha ni bibi yangu mzaa mama. Mtaani kwetu harusi ikikaribia, wanawake walicheza ngoma uani, na lazima watoke wachache waliojigeuza: mmoja mzee wa ndevu, mmoja karani wa serikali, mmoja zimwi la kutisha watoto. Kazi ya kuwageuza ilikuwa ya bibi. Walikuja mapema, wakakaa mkekani, wakafumba midomo wapakwe, na wanawake wale kufumba midomo ilikuwa habari ya kusimuliwa mwezi mzima.

Vitu vyake vyote vilikaa kwenye ungo mmoja. Masizi aliyoyakwangua chini ya sufuria, unga wa mchele, majivu yaliyochekechwa, manjano, mafuta ya nazi, na sufi ya kutengenezea ndevu, ambayo tuliigandisha kidevuni kwa uji mzito. Wanja tu ndio tulionunua, kwa Mshihiri mmoja mwenye duka upande wa Mchafukoge. Brashi zilikuwa njiti za ukuti alizozitafuna ncha mpaka zikachambuka. Nyekundu hatukuitafuta popote. Bibi alikula tambuu kutwa, basi alitema mate yake mekundu kidogo kwenye kifuu, na hayo ndiyo yakawa midomo ya zimwi.

"Anayeona kinyaa asiwe zimwi," alisema. "Awe karani."

Karani ndiye aliyekuwa rahisi, na kwake ndiko nilikoanzia. Unapaka mafuta kwanza, uso mzima, la sivyo masizi yanaingia kwenye ngozi na mtu anatembea nayo mpaka Ijumaa. Halafu masharubu mawili membamba kwa wanja, nyusi unazinyanyua kidogo aonekane mwenye dharau, na kipande cha karatasi sikioni. Zimwi nalo halina kazi: unga uso mzima, masizi kuzunguka macho, nyekundu mdomoni, basi. Hata mwenye mkono mzito ataliweza.

Mzee ndiye aliyenitoa jasho. Wa kwanza niliyempaka alikuwa shangazi yangu. Nilimchora mistari usoni, ya kwenda na ya kurudi, nikajiona fundi. Bibi alimtazama, akamgeuza kwenye mwanga, akamtazama tena.

"Mke mwenzangu," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita, "huyu si mzee. Huyu ni jamvi."

Nilinuna. Nina hasira za karibu mpaka leo, na siku hizo zilikuwa karibu zaidi. Alinishika mkono, akamwambia shangazi akunje uso kama mtu aliyelamba ndimu. Mikunjo ikatokea.

"Unaona? Uso wenyewe unakuonyesha utakapozeekea. Kazi yako ni kufuata. Ndani ya mkunjo tia masizi, juu yake tia unga. Usibuni kitu."

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Baada ya mwezi nilikuwa napaka wazee wanaoamkiwa shikamoo na watoto wa jirani.

Kulikuwa na katazo moja tu. Tulikuwa na chokaa ndani, ile ya tambuu, nyeupe kuliko unga wowote, nami siku moja niliichukua nimpake zimwi. Bibi alinipiga kofi la mkononi.

"Chokaa hapana! Inaunguza. Kama huamini, muulize babu yako anavyoniunguza mimi."

Hilo la babu lilikuwa jambo la kila siku. Meno ya bibi yalikuwa yamemwisha upande mmoja, kwa hiyo kila siku baada ya alasiri babu alikaa naye barazani, akafungua kijaluba chake cha tambuu, akakata popoo vipande vidogo vidogo, akapaka jani chokaa, akakunja, akampa. Bibi alitafuna kidogo, halafu akasema, "Umezidisha chokaa." Babu akajibu, "Basi kesho tia mwenyewe." Kesho yake bibi alinyoosha mkono kama kawaida, naye babu akatia yeye. Sisi wote tulijua ni utani wao. Mama alisema walianza kabla yeye hajazaliwa, meno ya bibi yakiwa yote kinywani.

Bibi alikufa kwa homa, masika yalipokuwa yanaanza. Aliumwa siku tatu. Tulimzika alasiri, saa ile ile ya tambuu.

Babu aliporudi makaburini alikaa barazani mahali pake, akanyamaza. Hakulia. Hakuitikia pole za watu zaidi ya kutikisa kichwa. Mama alimpelekea uji, ukarudi na utando juu. Jioni alikataa wali. Kesho yake alikunywa kahawa chungu kikombe kimoja na kukataa mengine yote. Na mimi aliyekuwa akiniita mke wangu tangu nilipozaliwa, alinitazama kama mtoto wa watu aliyepita njia. Hilo liliniuma kuliko msiba wenyewe, na sioni aibu kulisema.

Siku ya tatu asubuhi, siku ya hitima, nilimsikia mama jikoni akimwambia shangazi, "Leo watu wanatawanyika. Wakiondoka hajatia kitu tumboni, baba atamfuata mama. Mimi namjua." Sauti yake ilikuwa kavu. Nilikuwa nachambua mchele, nikaendelea kuchambua, lakini sikuona tena chuya wala mchele.

Hapo ndipo alipoingia mtani.

Sisi ni Wazaramo, na watani wetu ni Wanyamwezi. Mtani ana ruhusa ya kukutukana msibani kwako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Na ni yeye anayemwigiza marehemu: huvaa nguo zake, hutembea mwendo wake, husema maneno yake, ili wafiwa wacheke kabla tanga halijaanuliwa. Huyu wetu alikuwa mama wa makamo aliyepanga nyumba ya tatu kutoka kwetu, mnene, mwenye uso wa mviringo usio na hata mkunjo mmoja. Tangu siku ya maziko alikuwa ametutukana vya kutosha. Alimnyang'anya mchimba kaburi jembe pale mlangoni akasema Wazaramo hata kuchimba wanachimba kama wanatafuta mihogo. Watu walicheka, ila babu hakucheka.

"Huyo mzee wenu mgumu," alimwambia mama. "Kimya kingi kina mshindo mkuu, mimi sikipendi. Nipeni kanga za marehemu. Na yule mtoto anayepaka nyuso yuko wapi? Nikitoka na sura yangu hii ya mwezi mpevu nani ataamini?"

Mama alinitazama. Nikataka kukataa. Nikamwona mama naye alivyokonda kwa siku tatu zile, nikaenda kuuchukua ungo.

Nilimkalisha chumbani kwa bibi, karibu na dirisha. Nikampaka mafuta. Halafu nikamwambia akunje uso, akaukunja, na hakuna kilichotokea. Ngozi ilijaa na kung'aa kama andazi. Uso wake haukuwa na la kunionyesha, ikabidi nifuate uso ambao haupo.

Nilidhani itakuwa vigumu. Nilipofumba macho niliuona wote. Mistari mitatu ya kipaji cha uso, wa katikati umekatika. Mikunjo ya jicho la kushoto mirefu kuliko ya kulia, kwa sababu alikuwa akilifinya jicho hilo akitunga uzi sindanoni. Shavu lililobonyea upande usio na meno. Nilitia masizi, nikatia unga juu, nikafifisha kwa kidole. Nyusi nilizipausha kwa majivu. Kwenye chunjua ya kidevuni ndipo nilipobabaika, ni upande gani, mpaka nilipokumbuka mkono wangu ulivyokuwa ukiigusa nilipolala ubavuni kwake. Mkono ukaenda wenyewe.

"Bado tu, we mtoto?" mtani akauliza.

"Nyamaza. Unaharibu shavu."

"Haya, Mzaramo," akasema, akafumba midomo.

Nilipofika midomoni nikakwama. Nyekundu haikuwepo. Kifuu kilikuwa pale pale kwenye ungo, kimekauka, kina ganda jeusi chini. Kijaluba kilikuwa kwa babu, nani angethubutu kukiomba? Nilijaribu manjano, akawa mgonjwa wa ini. Nikayafuta, nikaiacha midomo kama ilivyo, mikavu, nikamfunika kichwa kwa kanga ya bibi.

Shangazi alipofungua mlango alipiga kelele moja, akaketi chini.

Mtani alitoka kwa mwendo wa bibi, mkono mmoja kiunoni, akiburuza ndala. Akavuka ukumbi, akatokeza barazani walikokuwa wanaume waliomaliza kusoma na kula. Mimi nilibaki nyuma ya mlango nikichungulia.

"Mmeshiba?" akawauliza, kwa sauti ya puani ya bibi. "Nawaona mmeshiba. Mmelamba mpaka sinia. Na mume wangu amekula nini, nyie mafisi?"

Wanaume walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Wengine walikuwa wanajifuta macho. Kule uani wanawake walianza kulia upya. Babu peke yake alikuwa anatazama miguu yake. Mtani akamsogelea, akainama, akamwekea uso ule mbele ya uso wake.

Babu akainua macho. Alitazama muda mrefu. Kipaji, macho, kidevu. Nilijua anapita pale pale nilipopita mimi na njiti.

"Siye," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza baada ya siku tatu.

"Midomo siyo. Mke wangu hakutoka mbele za watu na midomo mikavu. Nani kafanya kazi hii?"

Watu waligeuka. Nikatoka nyuma ya mlango, maana wangenitoa tu. "Mimi, Babu. Nilikosa nyekundu."

Babu alitia mkono mfukoni mwa kanzu akatoa kijaluba. Alikuwa nacho muda wote huo. Majani yalikuwa yamenyauka, akachagua moja lililobaki na uhai, akalifuta kwenye goti. Akakata popoo vidogo vidogo, kwa mtu mwenye meno yote thelathini na mawili. Akapaka chokaa. Baraza zima lilikuwa linatazama vidole vyake, na vidole havikuwa na haraka. Akakunja, akampa mtani.

Mtani akatupia kinywani, akatafuna. Rangi ikaanza kutoka kwenye pembe za midomo, nami nikaona uso wa bibi unakamilika. Mara akashika shavu, macho yakamtoka.

"Loo! Mzee! Chokaa imezidi! Unataka kuniua mara ya pili?"

Hakuna aliyecheka. Sisi wa nyumbani hatukuweza, na wageni walituona sisi hatucheki. Baadaye mtani aliniapia kwamba hakuwa anaigiza. Hakuwahi kusikia maneno yale ya bibi, na ulimi ulimchubuka siku mbili.

Babu alikuwa bado ameshika kijaluba.

"Hata wewe?" akasema.

"Hata mimi nini? Mdomo wangu unawaka moto!"

"Kumbe kweli." Akakitazama kile kijaluba. "Miaka yote ile ananiambia. Nami nadhani ananitania."

Akaanza kucheka. Kicheko kilianza kidogo, kifuani, halafu kikamtikisa mabega mpaka kofia ikamwangukia machoni, na chini ya kofia machozi yakateremka kwenye ndevu. Alikuwa anacheka na analia pamoja, na alirudia, "Alikuwa anaungua, jamani. Kila siku alikuwa anaungua, na kila siku ananyoosha mkono." Mama alikuja akaketi karibu yake akamshika kanzu. Mimi nililia kwa sauti, bila adabu yoyote.

Alipotulia alimwambia mama, "Mpe huyu Mnyamwezi maji. Na mimi nipe hicho walichokula mafisi." Akaletewa ukoko na mchuzi, ndivyo vilivyobaki. Akala taratibu, tonge kwa tonge, na mtani mbele yake, bado na uso wa bibi, akisukutua maji na kututukana ukoo mzima.

Babu aliponawa mikono alinitafuta kwa macho. Nilikuwa nimesimama na kopo la mafuta ya nazi na kitambaa, kwa sababu kazi haijaisha mpaka umemfuta mtu. Ni mafuta kwanza, halafu kitambaa, maji baadaye. Nilijua yote hayo. Mikono ndiyo iliyogoma.

Babu akaniona. Akautazama ule uso mara moja tena.

"Mfute, mke wangu," akasema. "Amechoka."

Nikaanza na midomo.