Kucha za Baba Mkwe

Nilipoolewa Makwale, mama mkwe alinikalisha jikoni akanieleza mambo ambayo kwetu, Katumba Songwe, yalikuwa yameanza kulegea. Mke wa mwana haonani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona njiani, apishe, ageukie migombani mpaka mzee apite. Hali naye, hamtaji jina, hamgusi. Nilikubali. Tuliishi hivyo miaka mingi katika uwanja mmoja, na baba mkwe nilimjua kwa kikohozi chake na kwa mgongo wake akielekea shambani.

Alikuwa mtu wa mpunga na kakao. Kucha zake zilikuwa fupi siku zote. Matope yalizila, na zilizobaki alizikata mwenyewe kwa wembe kabla ya siku ya ibada. Kucha ndefu hakuzipenda. Binti yake wa mwisho, wifi yangu, alikuwa na saluni ndogo Kyela mjini, naye alibandika kucha za bandia, ndefu, nyekundu. Mzee alimwambia mama, kwa sauti ya kutufikia sote, kwamba mkono ule hauwezi kung'oa hata unyasi mmoja. Wifi alicheka tu. Kucha zile ndizo zilizomletea wateja. Bila hizo, aliniambia, nani angemwamini?

Kisha baba akapata kiharusi. Upande wa kulia ukapooza, mkono ukajikunja ngumi. Mama alimhudumia peke yake. Mimi nilipika, nikafua, nikaacha sahani kizingitini na kurudi. Lakini mama alikuwa na mtoto wa jicho, na siku alipojaribu kumkata kucha alimkata kidole. Baba alikuwa na kisukari pia. Kidonda kile kilikawia sana kupona, na mama hakushika wembe tena. Mume wangu alikuwa Mbeya kwenye kazi za ujenzi, anakuja mara chache. Kucha zikaendelea kukua.

Mimi sikuziona. Niliambiwa na mama, halafu nikaanza kusikia harufu kila nilipofika mlangoni. Kucha za mkono uliojikunja zilikuwa zimeingia kiganjani.

Jumapili moja wifi alikuja. Yeye ni mtoto wake wa kumzaa, hakuna kilichomzuia. Nikiwa uani nilimsikia baba akiguna kwa maumivu, kisha wifi akatoka analia. Alisema kila alipojaribu kuifungua ile ngumi, kucha zake mwenyewe zilimchoma mzee, na kile kikata kucha kilimteleza vidoleni. Akakaa kwenye gogo, akaanza kung'oa kucha moja ya bandia kwa meno. Gundi ilikuwa imeshika. Nilimshika mkono nikamwambia aache, atajiumiza bure.

Jioni nilimwambia mama kwamba mimi naweza. Akaingia ndani, nikamsikia akizungumza na mzee Kinyakyusa, kwa sauti ya chini. Alipotoka alisema baba anataka mwanawe apigiwe simu kwanza. Nilimpigia mume wangu, nikamweleza.

"Baba amekubali?" aliuliza.

"Amesema uamue wewe."

"Basi mkate. Mimi niko mbali."

Mama alisema wazee wa zamani wangetoa ng'ombe kuufungua mwiko wa namna hiyo. Sisi tulichinja kuku. Asubuhi yake niliingia, kitenge nimekishusha hadi kwenye nyusi, macho chini. Baba alikuwa amegeukia ukuta. Mama aliweka beseni la maji ya vuguvugu, nami nikauloweka ule mkono mpaka vidole vikalegea, kimoja baada ya kingine. Kucha zilikuwa za njano, ngumu, zimepinda. Kiganjani palikuwa na vidonda, kimoja kina usaha. Nilikata kidogo kidogo, mama akinimulikia kwa tochi ya simu. Sikuwahi kuugusa mkono ule, na nilishangaa ulivyokuwa mwepesi.

Nilipomaliza kupaka dawa, alisema, bado anatazama ukuta, "Ndaga, mwanangu."

Alikuwa ananishukuru. Tangu niolewe sikuwahi kumjibu neno. Nilibeba beseni nikatoka.

Baada ya hapo niliingia kila Jumamosi. Aliniuliza kuhusu ndege wa mpunga, na kama maji yamefika kwenye majaruba ya chini. Nilimjibu nikiitazama mikono yake. Wifi aliendelea na kucha zake, lakini alituletea dawa ya vidonda kutoka mjini, na kila alipokuja alikaa kumlisha baba kwa kijiko mpaka amalize.

Baba alifariki mvua za masika zilipoanza. Msibani, tukiwa tunachambua mchele, shangazi wa mume wangu alisema mbele ya wanawake kwamba nyumba hii imepoteza heshima, mkwe anaingia chumbani kwa mkwewe. Nilijiinamia. Mama mkwe hakuacha kuchambua.

"Kaka yako alikuwa anaoza kiganja," alisema. "Wewe ulikuwa wapi?"

Mpaka leo nikimsalimu shangazi huitikia kwa mkato na kupita, nami huendelea kupiga goti kila ninapokutana naye, kwa kuwa ni mkubwa wangu, na kwa kuwa najua alimpenda kaka yake.