Jembe la Bibi Ndani ya Kisu

Jembe lenyewe lilikuwa limeliwa na udongo hadi likabaki upana wa kiganja. Bibi, mama yake baba yangu, alikuja nalo Sengerema alipoolewa, likiwa kazi ya mhunzi wa kijijini kwao, na akalilimia maisha yake yote. Alipofariki likabaki kwa shangazi, binti yake wa mwisho, ambaye alilichomeka kwenye paa juu ya mlango wa jiko. Ndugu zangu waliliona chuma chakavu. Mimi nililitamani.

Kazi yangu ni kupima macho ya watu mjini Mwanza, kazi safi ya vioo na taa ndogo. Uhunzi niliupata kwenye simu. Nilimwona mtu akiunganisha vyuma vya aina mbili kwa moto na nyundo, akavikunja kama chapati, na mwisho akatoa kisu chenye michirizi kama ya ziwa likiguswa na upepo mdogo. Wanakiita chuma cha Dameski. Tangu hapo sikuwa na raha. Nilinunua nyundo, nikajenga tanuru la udongo nyuma ya nyumba yetu Igoma, nikalifungia feni, na mume wangu akaanza kuwaambia wageni kwamba ameoa mhunzi bila kujua.

Nikavuka ghuba kwenda kwa shangazi. Nilimweleza kwamba jembe ningelikata vipande, nivipange na vipande vya tupa kuukuu, kimoja cha hiki kimoja cha kile, kisha moto uvifanye kitu kimoja. Chuma cha jembe ni laini, cha tupa ni kigumu, na kisu kinahitaji vyote viwili. Alinisikiliza hadi mwisho, uji wake ukipoa.

"Ukishalichoma na kulipondaponda na machuma ya watu," akasema, "nitajuaje kwamba bado ni la mama?"

"Litaonekana, shangazi. Michirizi myeupe itakuwa yake."

Aliinua macho kulitazama jembe. Hana kitu kingine cha mama yake. Picha hazikupigwa, na kanga ziligawanywa msibani. Kisha akapanda juu ya kigoda, akalichomoa jembe, akaliweka chini mbele yangu, kwa sababu katika ukoo wetu chombo chenye makali hakipokezanwi mkono kwa mkono, kinaleta ugomvi. Nililiokota nikiwa nimeshaanza kuiogopa ahadi yangu. Sikuwahi kutengeneza hata ndoana.

Jirani yangu mwenye banda la kuchomelea alinikatia vipande, akavishikiza pembeni ili visicheze. Akanionya kwamba moto ukizidi, chuma huwaka na kutoa cheche, na hapo hakuna cha kurudisha. Hilo sikulihitaji, usingizi ulikuwa umeshanipaa.

Siku ya kuunganisha ikafika. Niliuacha mkaa ukolee hadi chuma kikawa na rangi ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, nikakinyunyizia boraksi, ule unga wa kusafishia chuma kinapoungwa, ukayeyuka juu yake kama shira ya sukari. Nikapiga. Sauti ya kwanza ilikuwa ya vitu vingi, mlio mbovu wa sufuria zilizorundikwa. Nikarudisha motoni, nikapiga tena, na katikati ya mapigo yale sauti ikabadilika. Ikawa moja. Niliishusha nyundo nikasimama tu, mwili umenisisimka. Jembe na tupa vilikuwa vimeacha kuwa jembe na tupa, na nilikuwa nimevisikia vikiacha. Mpaka leo sijui nimwambieje mtu asiyekuwepo.

Nilikata, nikakunja, nikaunganisha tena, mara nyingi kuliko mkono wangu ulivyotaka. Kisu kilipopata umbo nilikichovya kikiwa cha moto kwenye mafuta ya sangara ili kikaze, kwa kuwa ndiyo yaliyopatikana kwa wingi sokoni. Mtaa mzima ukanukia. Majirani wawili walikuja na sahani, nikawaonyesha kisu, wakarudi nyumbani wamenuna.

Nilipokwisha kukinoa, ikabaki siki. Siki ndiyo inayotoa michirizi, na shangazi alitaka kuwepo. Alikuja na kikapu cha viazi vitamu vya kukatia michembe, vile vipande vinavyoanikwa juani viliwe hata kiangazi. Aliketi kwenye mkeka uani, akangoja. Nilikiacha kisu ndani ya beseni la siki asubuhi yote, nikakitoa.

Kilikuwa cheusi. Hakukuwa na mchirizi hata mmoja, ni weusi mtupu kama tako la sufuria ya kuni. Nikakirudisha kwenye beseni, nikakaa kwenye ngazi.

"Nisamehe, shangazi. Nimelipoteza."

Shangazi alikichukua kutoka kwenye beseni, akaenda nacho bombani, akachota majivu ya tanuru langu, akaanza kukisugua kwa kipande cha gunia, kama anavyosugua vyombo vyake vyote. Nilitaka kumwambia aache, kisha nikaona sina haki hiyo. Kama jembe lilikuwa limekufa, mwenye kuliosha alikuwa yeye. Akamwagia maji.

Mwanga ukateleza juu ya chuma, na mistari ikatokea. Myeupe, mingi, imejipinda na kufuatana kutoka shina hadi ncha, na weusi umelala katikati yake. Kumbe weusi wa juu husuguliwa. Kwenye simu hatua ile ni fupi na mimi huwa naruka. Nilipiga magoti kwenye matope ya bomba. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Shangazi alipitisha kidole juu ya mstari mmoja, taratibu, hadi mwisho.

"Haya ni matuta yake," akasema. "Mama hakujua kulima tuta lililonyooka. Baba alimtania mpaka kaburini."

Alikiweka kisu kwenye beseni la maji lililokuwa katikati yetu, nikakitoa humo, nikakikausha, nikakipaka mafuta, na kwa kuwa mpini ulikuwa bado, nikalizungushia shina kitambaa. Kisha nikafanya kama alivyonifundisha: nikainama, nikakiweka chini mbele yake.

Hakuokota. Alinyoosha mikono yote miwili, viganja juu.

"Mama yangu hawekwi chini," akasema. "Nipe."

Nikampa mkononi. Alikishika kidogo kifuani, halafu akaniambia nimsogezee viazi.